Chupa Namba Tatu

Seven Hills,
Jumamosi, saa tano asubuhi

Mwanangu Aline,

Mmeondoka sasa hivi, wewe na Mama Josiane, kwenda Bankstown kusukwa, na kwa wingi wa nywele zako najua hamtarudi kabla ya jua kuzama. Mimi naingia zamu saa tisa. Nikirudi utakuwa umelala, na kesho asubuhi kutakuwa na masanduku, na treni, na Mama Josiane akilia kwa sauti pale stesheni ya Central kama vile unakwenda vitani, siyo Wagga kwenye mafunzo ya kukagua maji. Hapo mtu hatapata nafasi ya kusema neno la maana. Ndiyo maana naandika leo, nyumba ikiwa kimya.

Naandika kwa Kiswahili, lugha unayoielewa yote na kuijibu kwa Kiingereza. Ukiona maneno yanakuchosha, soma kwa sauti, polepole, kama ulivyokuwa ukinisomea barua za serikali ulipokuwa na miaka tisa, kidole kikitembea chini ya mstari. Mwalimu wangu wa Kiswahili kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, Mtanzania wa Kasulu, alitufundisha kwamba mwandishi wa barua aseme haja yake mapema, asimzungushe msomaji. Nilikuwa msichana mtiifu, nilikaa dawati la mbele, na somo hilo nililishika. Basi haja yangu ni hii: kuna kosa ambalo umelibeba karibu mwaka mzima ukidhani ni lako. Si lako. Ni langu.

Habari za blanketi, za kula kabla ya kwenda kazini na za kunipigia simu Jumapili sitaziandika. Umezipanga mwenyewe kwenye ile orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, na orodha yako ni nzuri kuliko yangu.

Alhamisi, tulipokuwa tunakunja nguo zako, ulisema, "Mama, naomba tu nisichanganye chupa tena, maana huko ni maji wanayokunywa watu." Ukacheka. Ulisema kwa mzaha, lakini mikono yako ilisimama kidogo juu ya ile fulana ya bluu, na nikajua kwamba si mzaha. Nikasema nakwenda kutazama sufuria. Hakukuwa na sufuria jikoni, mwanangu. Nilisimama mbele ya jiko baridi mpaka uliponiita.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ili unielewe.

Unakumbuka mwaka wa kwanza wa korona. Kanisa lilifungwa, tukawa tunaabudu kwenye simu yako tuliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Mimi niliendelea kwenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na wewe ulinisubiri mlangoni na mfuko wa plastiki nitie sare yangu, ukaifua mwenyewe, ukanikataza kukugusa mpaka nimeoga. Mwenzangu wa kazini alipougua nikajifungia chumbani wiki mbili, uliniwekea chakula nje ya mlango mara tatu kwa siku, na kila sahani ilikuja na kikaratasi kilichoandikwa kwa Kiswahili chako cha kubahatisha: "Kula yote." Vile vikaratasi ninavyo. Viko ndani ya Biblia yangu. Sikuwahi kukushukuru, kwa sababu nilikulia mahali ambapo mtoto hashukuriwi kwa kumlisha mama yake. Nakushukuru sasa.

Ni mwaka huohuo sisi akina mama sita wa kanisa tulipokodi kile kipande cha shamba nje ya mji, upande wa magharibi. Lengalenga ya kugandishwa, mchicha wetu, ilikuwa imeadimika madukani, na tulikuwa tunahitaji mahali pa kusimama pamoja huku tumeachiana nafasi, nje, bila kuta. Kwa kweli lile shamba ndilo lililotuepusha na wazimu. Lilianzia juu barabarani likateremka taratibu mpaka kwenye mfereji, na mfereji ukaingia kwa jirani yetu, Bwana Karmenu, mzee wa Kimalta anayelima saladi na vitunguu vya majani. Kwake maji yalitulia kwenye bwawa lake, ambalo alilitegemea kwa kumwagilia, kisha yaliyozidi yakaenda kwenye kijito na kutoka kijitoni kwenda mtoni. Njia hiyo ya maji ulinionyesha wewe. Mimi nilipotazama pale niliona mteremko tu, nikafurahi, kwa sababu mteremko nilikuwa naujua.

Kambini hatukuwa na mto. Tulikuwa na bomba moja kwa mitaa kadhaa ya vibanda, na maji yaliyomwagika pale bombani tuliyafukuzia mpaka tone la mwisho. Mama yangu alichimba kamfereji kutoka bombani, akaweka rundo la mbolea ya mbuzi na kuku katikati yake, maji yakapita ndani ya rundo na kutoka upande wa pili yakiwa meusi, yakaingia kwenye matuta. Tuliyaita mchuzi. Wanawake walisifiana kwa mchuzi. Mboga za mama yangu zilikuwa na majani mapana kuliko kiganja cha mwanamume. Na hakuna aliyemchafulia mtu yeyote, kwa sababu ardhi ile ilikuwa na kiu, ilikunywa kila kitu pale pale.

Basi nilifanya hivyo hivyo huku. Nilipata mbolea ya kuku, gari zima, nikalijenga rundo langu juu ya mfereji na kuupitisha mfereji katikati yake. Mama Josiane alinicheka. "Wewe Mama Aline, rundo hilo unalitembelea kuliko mgonjwa." Lakini lengalenga ilipotoka, ikatufika magotini, alikuja na ndoo kuniomba mchuzi. Nilijisikia kama nimemleta mama yangu Australia.

Mwaka uliofuata zikaja zile mvua kubwa, ambazo hata wewe hukuwa umewahi kuziona. Rundo langu liliteremka lote. Siku chache baadaye bwawa la Bwana Karmenu lilianza kubadilika, na baada ya wiki mbili lilikuwa la kijani kizito kama rangi ya mafuta ya mlango, na harufu yake ilifika mpaka kwetu. Bata wake walikufa wanne. Alikatazwa kumwagilia saladi kwa maji yale. Akabaki na bomba la nyumbani, ambalo lilitosha mistari mitano tu. Mingine aliiacha ikakauka akiitazama.

Ndipo alipokuja yule mama wa halmashauri mwenye buti za mpira. Alitukusanya wakulima wote wa bonde lile barabarani, tukiwa na barakoa, akatugawia karatasi. Alizungumza kama dakika kumi: ni marufuku mbolea na dawa kuingia kwenye maji, anayekutwa ataadhibiwa. Kisha akauliza kama kuna anayejua uchafu unatoka wapi. Ulikuwepo, uliona. Mwenye farasi alimtaja mwenye kuku, mwenye kuku akamtaja mwenye maua, na mwenye maua akatutazama sisi. Sisi tukatazama viatu vyetu.

Mimi nilikuwa naona jambo jingine kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshika jembe nyuma ya kibanda chetu, na walinzi wa kambi wanapita na karatasi kama ile. Kulima nje ya mpaka kulikuwa marufuku, na bustani ya mama yangu ilikuwa imevuka mpaka kwa hatua tatu. Walifyeka yote, hata iliyokuwa ndani ya mpaka. Mama yangu hakusema kitu. Alikusanya majani yaliyofyekwa, akayapika, tukala siku mbili, na hakulima tena. Kwa hiyo mwenye karatasi alipouliza, mimi nilishajifunza zamani jibu lake: nyamaza.

Na jioni ileile wewe ukaniambia, macho yakikung'aa, kwamba mradi wako wa sayansi umeupata. Utapima maji ya bonde letu. Chupa nne: ya kwanza kutoka juu barabarani, ya pili kutoka kwenye mfereji kabla haujafika kwenye rundo letu, ya tatu kutoka mwisho wa mfereji wetu, ya nne kutoka bwawani kwa Bwana Karmenu. Ulinieleza kwamba chakula cha mimea kikizidi ndani ya maji kinalisha ule ukijani, na kwamba kuna karatasi ndogo ambayo ukiichovya inageuka waridi kama kimo. Ulinifundisha kuisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kuijaza. Nilikuuliza kama matokeo yataonekana na watu. Ukasema, "Mama, si ndiyo maana ya kupima?"

Uliziweka chupa zote nne kwenye friji, kila moja na utepe na namba, ili uzipime kesho yake ukitoka shule, karatasi za kupimia zikiwa zimefika.

Mwanangu, sasa nimefika.

Asubuhi ile niliamka saa kumi kwenda zamu ya alfajiri. Nilifungua friji kuchukua chakula changu, nikaiona chupa namba tatu. Niliitoa. Niliimwaga kwenye sinki, nikaisuuza, nikaijaza maji ya bomba, nikaifuta nje kwa taulo ili utepe usilowe, nikairudisha mahali pake, namba ikitazama mbele kama ulivyoiacha. Haikunichukua hata dakika mbili. Kisha nikaenda kufua mashuka ya wazee, na siku nzima nilijiambia kwamba nimeokoa shamba la akina mama sita.

Uliporudi ukapima. Ya nne ilikuwa waridi iliyokolea, ya tatu haikuwa na rangi yoyote. Ulikaa pale pale nilipokaa mimi sasa, ukapima tena, na tena, mpaka karatasi zikaisha. Ulisema haiwezekani. Mimi nikakuambia kwamba kama umeona hivyo basi ndivyo ilivyo. Niliyasema hayo huku nakumenyea viazi.

Yaliyofuata unayajua, lakini hukujua sababu yake. Mama Josiane alilichukua lile jedwali lako akalizungusha bonde zima, kwamba mtoto wetu msomi amepima na maji yetu ni safi, na watu wakaanza kusema kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyelichafua bwawa lake. Mwalimu wako aliandika pembeni ya kazi yako kwamba sampuli ya tatu inaelekea ilichanganywa au haikutunzwa kwa uangalifu. Haikutunzwa kwa uangalifu. Wewe, unayeandika orodha hata ya kwenda dukani. Ulilia bafuni ukifungulia maji ili nisisikie, na wiki hiyohiyo uliiondoa sayansi kwenye fomu yako ya chuo, ukaandika kazi za ofisi. Nilikuona ukifuta. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikakuuliza kama unataka chai.

Kisha tukafungiwa, tena kwa ukali kuliko mwaka wa kwanza, na sisi wa upande huu wa mji tukawekewa mpaka wa kilomita tano kutoka nyumbani. Shamba likawa mbali kama Burundi. Nilidhani tutakuta magugu matupu. Lakini unakumbuka zile picha? Kila Ijumaa Bwana Karmenu alikutumia picha kwenye simu yako. Alikuwa akiruka uzio, akipalilia kwetu, na kutoka kwenye lile bomba lake la mistari mitano alikata maji kidogo kwa ajili ya matuta yetu. Lengalenga ilipozaa mbegu, hakujua ni mboga gani wala inaliwaje, lakini alizikusanya, akazikausha, akazitia kwenye bahasha kuukuu, na juu ya kila bahasha akaandika "majani marefu ya akina mama". Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikwenda chumbani. Nilipiga magoti nikashindwa kuomba, kwa sababu nilijua nikianza, jambo la kwanza litakuwa chupa.

Naandika haya nikiwa na shukrani. Nisingependa uione barua hii kama ya kilio. Nimeishi miongoni mwa watu waliokuwa wema kwangu kabla sijawastahili, na mmoja wao ni wewe.

Tulipofunguliwa, yule mama wa buti alirudi. Nataka nikuambie jinsi nilivyoiona sheria yake kutoka upande wa chini, kwa sababu kuanzia Jumatatu wewe utakuwa unaishika kutoka upande wa juu. Safari hii hakuleta karatasi. Alituomba tumtembeze shambani. Alipofika kwenye rundo langu, nililokuwa nimelijenga upya, alichuchumaa, akalitazama, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu mwenye kazi ya serikali aliyewahi kuniuliza: "Kule ulikotoka, mlikuwa mnaiweka wapi?"

Wewe ndiye uliyenitafsiria, kwa hiyo unakumbuka. Nilimwambia habari za bomba, na mama yangu, na mchuzi. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Kule ulikuwa sahihi. Kule maji yalikuwa yanaisha. Hapa yanabaki, na yakiondoka yanaondoka na mbolea yako." Aline, nilikuwa na miaka arobaini na moja, na ndiyo kwanza niambiwe na mtu mwenye mamlaka kwamba mama yangu alikuwa sahihi. Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Nikasema mbele ya wote, mwenye farasi, mwenye kuku, mwenye maua, kwamba rundo lililoteremkia bwawani ni langu. Baada ya hapo mwenye kuku akasema na lake pia liko karibu mno na maji. Tukaanza hivyo.

Mpango wenyewe haukuwa wa ajabu. Rundo lihamie juu, kwenye sakafu ngumu, lifunikwe. Kando ya mfereji tuache ukanda wa majani, hatua kumi, jembe lisiguse, ili majani yazuie kinachoteremka. Udongo upimwe kwanza ndipo tujue kama unahitaji mbolea, maana wetu ulikuwa umeshiba zamani, na tusimwage kitu mvua ikitarajiwa. Walitupa miche ya majani na maturubai. Na aliyesaidiwa kisha akaendelea kuchafua, huyo ndiye atakayeadhibiwa.

Nilichojifunza ni hiki. Sheria ilipokuja na adhabu peke yake, tulificha, na mimi nikaficha kuliko wote. Lakini usidhani kwamba upole peke yake ungetosha. Turubai la kwanza lilipokuja, Mama Josiane alianikia maharage. Yule mama alipofika kukagua akamkuta anayageuza, akamuuliza. Mama Josiane hakutikisika. "Mbolea haina haraka, dada. Maharage yana haraka." Yule mama alicheka kweli kweli, halafu akaandika kwenye daftari lake na kumpa wiki moja, na aliporudi baada ya wiki, turubai lilikuwa mahali pake. Kucheka kwake kulitusaidia, na kurudi kwake pia. Kama angefanya moja tu, maharage yangekuwa bado juu ya turubai.

Kwa hiyo utakapomkuta mtu ameweka kitu pabaya, muulize kwanza kule alikokitoa kilikuwa kinakaa wapi. Huenda anafanya kwa uaminifu mkubwa jambo alilofundishwa na mtu anayempenda. Muulize, halafu rudi na chupa yako.

Mwezi wa Novemba ulipima tena pamoja na yule mama, na mwisho wa mfereji wetu ukageuka waridi. Nilikuona ukitikisa kichwa. Ulisema kumbe mara ya kwanza nilikosea. Yeye akakuambia habari za haya mafunzo ya Wagga, ukaomba, wakakuita kwenye usaili, na uliporudi ulinisimulia kwamba walikuuliza ni kosa gani lililokufundisha zaidi. Ukawaambia kwamba uliwahi kuharibu sampuli kwa uzembe, ukajifunza kuwa makini. Walipenda unyenyekevu wako. Wakakupa nafasi.

Mwanangu, hukukosea. Chupa uliijaza vizuri, ukaiandika vizuri, ukaitunza vizuri. Macho yako yalikuwa sawa uliposema haiwezekani. Mikono yako haijawahi kuchanganya chupa. Nafasi hiyo ungeipata hata kwa ukweli, naamini hivyo, lakini mimi nilikuacha uiingie kwa kujisingizia, nikakupikia pilau ya kukupongeza. Hilo ndilo linalonichoma kuliko bwawa. Bwawa linaanza kupona. Wewe ungeweza kuishi miaka mingi ukiwa huziamini namba zako, ukipima mara tatu pale panapotosha mara moja, na siku moja mtu mwenye rundo kubwa kuliko langu angekutazama usoni na kusema binti, labda umechanganya, nawe ungemwamini.

Leo alfajiri Mama Josiane alinipeleka shambani kuvuna mboga za safari yako. Nilimkuta Bwana Karmenu anaosha vitunguu. Nikamwambia habari za chupa. Nilimwambia kwa Kiingereza changu, ambacho ni kibovu kama chake, ndiyo maana sisi wawili tunaelewana. Aliendelea kuosha. Kisha akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni rundo letu, maana yeye ndiye mwenye mfereji chini yetu, na mbolea ya kuku anaijua harufu. Nikamuuliza mbona hakunishtaki, na mbona alitupalilia. Akasema alipofika nchi hii kijana, alikuwa akiosha mapipa ya dawa za wadudu kwenye kijito kilekile, miaka na miaka, kwa sababu hakuna aliyemwambia na hakuna aliyemuuliza. "Nilikuwa nangoja uulizwe," akasema. Halafu akanyoosha kitunguu kuelekea huku mjini. "Kwangu umeshasema. Kwa mtoto bado."

Basi nimesema.

Sikuombi unisamehe leo, kati ya kusukwa na kufunga sanduku. Nakuomba jambo dogo linalowezekana. Nilipotoka kwa Bwana Karmenu nilishuka mpaka mwisho wa mfereji wetu, pale pale uliposimama wewe. Nilisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, nikaijaza mpaka juu. Bwana Karmenu aliandika saa kwenye utepe na kutia sahihi yake kama shahidi. Ilisafiri kwenye barafu pamoja na lengalenga yako. Sasa iko kwenye friji, rafu ya chini, namba tatu ikitazama mbele. Karatasi za kupimia ziko chini ya barua hii.

Ukimaliza kusoma, ipime. Sijui itasema nini. Yale majani bado machanga, na wiki iliyopita kulinyesha. Kama ni waridi, andika waridi. Acha jibu hapa mezani, nami nikirudi kutoka kazini nitalisoma kabla ya kuvua viatu. Ukiwa umenikasirikia, andika namba peke yake, nitaelewa, na kesho nitabeba sanduku lako mpaka Central bila kukudai neno. Kama kuna neno jingine, liandike chini ya namba, kwa lugha yoyote unayotaka. Kamusi ninayo.

Asante kwa kunisomea barua zangu zote. Hii umejisomea mwenyewe.

Sasa ni saa nane na nusu, nimeshavaa sare. Tangu nianze kuandika nimepita mbele ya friji mara mbili, mara ya kwanza kuchukua maji ya kunywa na mara ya pili bila sababu. Chupa yako sijaigusa.

Mama yako,
Consolata